Mama Kagonga Pipa Tena

2 Machi, Jumanne

Mama yangu anajua kuendesha gari. Anajua vizuri sana. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili, na ninaliandika hapa kwa sababu nikiendelea kukaa nalo kifuani nitalitema mbele ya mteja.

Mtaa mzima unajua kinyume chake. Mama amefeli mtihani wa udereva mara mbili. Mara zote mbili aligonga pipa wakati wa kurudi nyuma, na mara zote mbili kinyozi wa ng'ambo ya barabara alitoka na mkasi mkononi kumpa pole.

"Pole, Mama Mapazia. Gari si cherehani."

"Uzee, mwanangu," Mama akamjibu, kichwa ameinamisha kama mfiwa. "Miaka arobaini na minane, mguu hausikii tena."

Jana mvua ya kwanza ilinyesha ghafla, nikampelekea mwavuli kule uwanjani wanakojifunzia. Nilijibanza nyuma ya ukuta kwanza, nikisubiri mwalimu wake aende pembeni, maana mimi kusalimia watu wawili kwa pamoja ni kazi. Nikaona gari la shule ya udereva linarudi nyuma katikati ya mapipa, polepole, kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano. Halikugusa kitu. Nilidhani anayeendesha ni mwalimu. Kisha mlango wa dereva ukafunguka, akatoka mama yangu, mikono kiunoni, akayatazama mapipa kama anavyotazama pazia lililokaa sawa dirishani. Akacheka. Mwalimu naye akacheka. Mvua inawanyeshea wote wawili na hakuna aliyejali.

Nilirudi nyumbani nimelowa, mwavuli nimeukumbatia bila kuufungua.

3 Machi, Jumatano

Mvua. Tumeshona mapazia ya zahanati. Kijani, marefu, hayana hata ua moja.

5 Machi, Ijumaa

Nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Wenzangu wanasubiri wakiwa wametembelea ndugu. Mimi nasubiri nikiwa nyuma ya pazia, na hapa sisemi kwa mafumbo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka la Mama, na pazia zito linakigawa. Mbele Mama anaongea na wateja. Nyuma mimi nakunja pindo na kutia pete. Mteja akiuliza, "Binti yako yuko wapi?" Mama hujibu, "Yupo, anafanya kazi," nami huacha kupumua mpaka mteja aondoke.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Aliacha pikapu, ambayo tangu hapo imekaa uani chini ya turubai. Mwaka huu Mama alisema amechoka kupeleka mapazia kwa pikipiki za kukodi na kuyafikisha kwa mteja yamelowa. Akaenda shule ya udereva. Huko akakutana na Taratibu.

Taratibu si jina lake, ila hakuna anayemwita vinginevyo. Hilo ndilo neno lake kwa kila mwanafunzi, hata gari likiwa limesimama. Ana miaka thelathini na saba. Aliwahi kuoa, wakaachana bila kelele, hawakupata mtoto. Haya yote yameletwa na Shangazi, dada yake Baba, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, mwenye ulimi kama mkasi mpya. Shangazi hakutumwa na mtu kuyatafuta.

9 Machi, Jumanne

Leo nilimpelekea Mama miwani yake uwanjani, nikagundua jambo. Wanafunzi wote wa kike Taratibu huwaita. Wadogo ni "dada", wakubwa ni "mama". Mama yangu peke yake hamwiti chochote. Akitaka kumwambia kitu anakohoa kwanza.

10 Machi, Jumatano

Nimeelewa. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, na jibu likaingia pamoja na uzi. Mwanafunzi anayefaulu anapewa mkono, anaambiwa hongera, na somo lake limekwisha. Anayefeli anaambiwa njoo Jumatatu.

Mama hataki somo liishe.

Nilikaa na sindano mkononi nikisubiri kukasirika. Nilifikiri binti mwema lazima akasirike kwa ajili ya baba yake. Nilisubiri mpaka chakula cha mchana. Hasira haikuja. Kilichokuja ni kukumbuka kwamba tangu mwaka uanze Mama anaimba akiwa kwenye cherehani, na kwamba nilikuwa nimesahau kabisa sauti yake ya kuimba ilivyo mbovu.

15 Machi, Jumatatu

Mvua tangu alfajiri. Mama kaenda somoni hivyo hivyo. "Dereva lazima ajue na utelezi," kasema.

19 Machi, Ijumaa

Mama ametia nywele rangi nyeusi. Shangazi alipoingia alimzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Wifi, umepaka nini hicho?"

"Rangi."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya kichwa."

"Hicho kichwa kilikuwa na mvi tangu kaka yangu yu hai, na hakikulalamika. Watu wanasema, wifi. Mwanamke mzima kujifungia ndani ya gari na kijana kila jioni!"

"Gari lina vioo pande zote. Hata lingekuwa na pazia, ningelishona mwenyewe."

Nilicheka nyuma ya pazia, nikajiziba mdomo, nimechelewa. Shangazi alilifunua.

"Na wewe, badala ya kumwambia mama yako ukweli, umejificha huku kama panya. Una miaka kumi na minane! Utasema lini?"

Simpendi Shangazi. Naandika hivi nikijua ni dhambi.

27 Machi, Jumamosi

Mapazia ya harusi, lesi tupu. Macho yananiuma.

1 Aprili, Alhamisi

Mtihani wa tatu. Mama alinitaka niende naye, "unishike mkono". Mkaguzi ni mrefu, kalamu zake zote zimepangwa mfukoni kwa rangi. Mama aliondoka vizuri, akapanda mlima vizuri, akasimama kwenye alama vizuri. Taratibu alikuwa amesimama karibu nami. Kila Mama alipokanyaga klachi, mguu wa Taratibu nao ulikuwa unakanyaga ardhi.

Kisha mapipa. Gari likarudi nyuma limenyooka kabisa, na dakika ya mwisho nikaona usukani unakatwa kidogo tu, kama mtu anayetoa mshono mmoja kwa makusudi. Pwaa. Pipa likaanguka na kuviringika hadi miguuni mwa mkaguzi.

Mama alitoka na uso wa huzuni alioununua dukani. Nikamtazama Taratibu. Huzuni yake haikuwa ya dukani. Aliliinua lile pipa, akabaki ameliegemea kama mtu anayeegemea jeneza.

"Taratibu," alisema, na sidhani alikuwa anamwambia Mama.

Njiani Mama alisema, "Basi tena. Jumatatu tunaanza upya." Na akaanza kuimba.

6 Aprili, Jumanne

Leo imebidi niongee na mtu ana kwa ana. Nitaandika yote.

Mama alikwenda kupima madirisha kwa mteja, akaniachia duka. Mvua ilikuwa inanyesha na nilijua hatakuja mtu. Akaja Taratibu. Alisimama mlangoni anakung'uta viatu muda mrefu kuliko matope yaliyokuwepo.

"Mama hayupo," nikasema.

"Najua. Nimemwona akipita." Akakohoa. "Nataka mapazia. Kwangu madirisha yamebandikwa magazeti. Jua likiwaka nasoma habari za mwaka juzi."

Nikamuuliza vipimo. Akatoa mfukoni kamba ya kuvutia gari, nene, yenye mafundo. Fundo la kwanza hadi la pili ni upana wa dirisha, la pili hadi la tatu ni urefu. Mtu huyu anajua sentimita ngapi zibaki kati ya gari na ukingo wa barabara, na dirisha kalipima kwa kamba ya kuvutia gari! Nikaitandaza mezani, nikaanza kuipima kwa tepu. Nadhani ndiyo maana tuliweza kuongea. Mimi nilikuwa naiangalia kamba, yeye anaangalia mvua.

"Nikuulize," akasema. "Mama yako, kuna kitu kinamtisha pale kwa mkaguzi?"

"Sijui."

"Maana kwangu hajawahi kugusa pipa. Tangu mwezi wa kwanza! Nimefundisha wachungaji, nimefundisha askari, sijaona mkono kama wake. Siku ya mtihani inakuwa kama kaingiwa na shetani." Akakohoa tena. "Umri wangu unaujua?"

"Shangazi alitutangazia."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mimi nina sharti moja kazini. Mwanafunzi ni mwanafunzi. Nimeshika breki ya pili, ile ya mwalimu, roho yake iko mguuni mwangu. Siwezi kumwambia neno lolote la mwanamume kwa mwanamke. Siwezi, si haki. Atanijibuje na mimi ndiye wa kumpa namba ya mtihani? Kwa hiyo nasubiri afaulu. Akishafaulu nimwambie neno langu. Akilikataa, basi, ana leseni yake, aende zake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini hafaulu! Kila Alhamisi ya mtihani wake natoka nyumbani nimevaa shati jipya, narudi nalo."

Tepu ilinitoka mkononi.

"Usimwambie," akasema. "Tafadhali. Nataka alisikie kwangu, siku yake."

Nikatikisa kichwa kwamba sitamwambia. Ningefanya nini? Nimeahidi kabla sijafikiri. Akatoka, mimi nikabaki na kamba mezani na mambo mawili kichwani. Yeye anangoja Mama afaulu ili waanze. Mama anafeli ili wasiishe. Na anayeyajua yote mawili ni mimi, mtu ambaye kumwomba kinyozi chenji inanichukua asubuhi nzima.

7 Aprili, Jumatano

Nilifungua mdomo wakati wa chai. Nikasema, "Sukari imebaki kidogo."

9 Aprili, Ijumaa

Leo pia sikusema.

12 Aprili, Jumatatu

Mvua. Sikusema. Mama ameikuta kamba na kuuliza ni ya nani. Nikamwambia ya mteja. "Mteja gani anapima dirisha kwa kamba ya gari?" Nikamwambia Taratibu. Aliikunja vizuri, akaiweka kwenye kabati la lesi, mahali ambapo hatuweki kitu kingine.

17 Aprili, Jumamosi

Mkono unauma lakini lazima niandike.

Kaka amekuja. Kaka yangu ana miaka ishirini na minane, anafanya kazi ya bima mbali na hapa, na huja akiwa na habari njema au akiwa na hasira. Mara hii mtu alimpigia simu. Hatukuambiwa nani. Shangazi alikuja asubuhi kabla yake na kukaa kitini kama mtu aliyekata tiketi.

Gari la Kaka halikufika mlangoni. Kutoka barabara kuu hadi kwetu kuna mteremko, na mvua ya wiki mbili imeugeuza uji. Likazama. Kaka akakanyaga mafuta, matairi yakazunguka, matope yakaruka mpaka kwenye kioo cha kinyozi. Watu wakatoka kusukuma. Kaka akazidisha mafuta. Gari likazidi kuzama.

Mama alikuwa barazani ameshika mkasi. Nilimwona anavumilia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unacheza sakafuni.

"Anaua injini huyu mtoto," alisema kwa sauti ya chini. Kisha, "Mbona anakanyaga hivyo?" Kisha akaweka mkasi chini, akavua viatu, akashuka mteremkoni peku, gauni kalishika juu ya magoti.

"Shuka," akamwambia Kaka.

"Mama, gari limekwama."

"Naona. Shuka."

Kaka akashuka, nadhani kwa kuduwaa. Mama akaingia, akasogeza kiti, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Akamwambia kinyozi na wenzake, "Msisukume mpaka niseme." Akarudi nyuma kidogo, akasonga mbele kidogo, akarudi, akasonga, kama mtu anayebembeleza mtoto. "Sasa." Gari likatoka. Halikuruka wala kupiga kelele, lilitoka tu, likapanda mteremko wote, likapinda kuingia uani kwetu, na Mama akaliegesha kinyumenyume kati ya pikapu ya Baba na tangi la maji, mahali ambapo hata mbuzi angefikiria mara mbili.

Watu wakapiga makofi. Kinyozi akasimama amejaa matope kifuani.

"Mama Mapazia! Sasa yule mkaguzi huwa anakagua nini?"

Mama akabaki ameshika usukani. Nikaona anatafuta jibu.

"Ananitia hofu," akasema mwishowe. "Zile kalamu."

Wanaume wakatikisa vichwa, wakaelewa kabisa, kila mmoja akaanza kueleza mtihani uliowahi kumtetemesha. Ila Shangazi hakutikisa kichwa. Shangazi alimtazama Mama, akayatazama matairi, akamtazama Mama tena. Nikajua amejua.

Ndani, Kaka hakukaa.

"Mama, ni kweli?"

"Nini, mwanangu?"

"Huyo mwalimu. Watu wanasema. Mama, huyo ni rika langu! Nitamwita nani? Baba? Tunaweza kuchezea timu moja ya mpira!"

"Ungekuwa golikipa," Mama akasema, "maana hukimbii." Lakini sauti haikuwa ya utani. Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Sikiliza. Hakuna mtu aliyeniambia neno lolote. Hajaniposa mtu, hajanigusa mtu. Unanigombeza kwa jambo ambalo halijanibishia hodi. Nilikuwa nakwenda kujifunza gari, nikirudi nimefurahi, basi. Kama hilo linawaumiza, naacha. Jumatatu naiuza pikapu. Tutaendelea na pikipiki."

Kaka akaketi. Alitaka kushinda, ila nadhani hakutaka kushinda hivyo. Mama akavuta kitambaa, akaanza kushona, na cherehani ikawa inasema yenyewe. Hakuimba.

18 Aprili, Jumapili

Shangazi alinikuta jikoni naosha vyombo. Nikajiandaa kutukanwa. Akafunga mlango, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Anafeli makusudi," akasema.

Nikaisugua sahani ile ile mara ya pili.

"Ulijua, we panya."

"Nilijua, Shangazi."

Akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, mpaka ndoo ikamponyoka akakaa sakafuni, na huko sakafuni akaendelea. Alipomaliza akajifuta machozi kwa kanga, na nikaona machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

"Mimi nilipoachwa na mume nilikuwa na arobaini," akasema. "Kuna mzee mmoja mwenye duka la dawa alikuwa ananisalimia vizuri. Hakuwa mdogo kama huyu wa mama yako, alikuwa mkubwa kwangu miaka ishirini, na watu walisema nafuata mali. Nikaacha kupita njia ile. Nikawa nazunguka kwa nyuma, kwenye mtaro. Mpaka leo dawa nanunua mbali." Akainuka, akakung'uta gauni. "Kama mama yako anaweza kuyagonga mapipa ya watu mbele ya serikali kwa ajili ya saa moja ya kukaa na mtu, basi huyo si wa kuzuiwa. Na simu kwa kaka yako niliipiga mimi. Nitaipiga nyingine."

Nikampa kitambaa cha kufutia mikono ingawa haikuwa imelowa.

"Ila usimwage mchele penye kuku wengi," akaongeza. "Wanaume wacha waamini kalamu."

19 Aprili, Jumatatu

Mama hakwenda somoni. Mnunuzi wa pikapu alikuja. Shangazi alimpokea getini, akamwambia ina ugonjwa wa injini usiotibika, naye mnunuzi akaenda zake.

20 Aprili, Jumanne

Nimesema.

Mama alikuwa anapanda kwenye kiti kutundika pazia la mfano, na mimi nimeshika kiti. Nikasema nikiwa naangalia miguu yake, maana ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

"Mama, Alhamisi nenda kafanye mtihani. Ufaulu."

Miguu ikatulia. "Kwani nani kakwambia nafeli kwa kupenda?"

"Nilikuona uwanjani, siku ya mvua ya kwanza."

Kisha Mama akashuka, akakaa kwenye kiti kile kile, tukawa uso kwa uso. Nilitaka kukimbilia nyuma ya pazia lakini pazia lilikuwa mikononi mwake.

"Nikifaulu itakuwaje?" akaniuliza, na hakuniuliza kama mtoto. "Atanipa mkono, aseme hongera mama, aende kwa mwanafunzi mwingine. Mimi si msichana. Kioo ninacho. Nikifika sitini, yeye hata hamsini hajafika. Nilichokuwa nakitaka ni kidogo tu, mwanangu. Ile saa moja. Sikuwa namwibia mtu."

"Faulu, Mama."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

Alinitazama muda mrefu. Mimi huwa natazama chini mtu akinitazama hivyo. Leo sikutazama chini. Nadhani ndicho kilichomfanya aamini. Akayapitia macho yangu kama anavyopitia kitambaa kutafuta tundu, hakuliona.

"Wewe," akasema, "wewe usiyesema."

Akasimama, akaomba nimpe pini.

22 Aprili, Alhamisi

Hakukuwa na mvua. Ardhi ilikuwa inatoa mvuke.

Taratibu hakutegemea kutuona. Alikuwa amevaa shati la kazi, kola imechakaa. Alipomwona Mama alijishika kola ile, nikamhurumia. Mkaguzi akafungua faili, akasema, "Mama, leo tuyaonee huruma mapipa," na Mama akasema, "Leo nitajaribu."

Aliondoka. Akapanda mlima. Akasimama kwenye alama. Akafika kwenye mapipa, na gari likasimama muda mrefu sana, mpaka mkaguzi akachungulia. Najua alikuwa anafikiria nini. Upande mmoja wa pipa kuna Jumatatu nyingine, na nyingine. Upande wa pili hakuna kitu anachokijua, kuna neno langu tu.

Gari likarudi nyuma. Polepole. Usukani haukukatwa. Likaingia katikati, likatulia, injini ikazimwa.

Mkaguzi alipima pande zote kwa macho, akatoa kalamu ya kijani. Taratibu akavuta pumzi kama mtu aliyezama akaibuka.

Mama akatoka, akanyoosha mkono, kama alivyosema itakuwa. "Asante, Mwalimu."

Taratibu hakuupokea. Akakohoa. Nikasema moyoni, usikohoe, mwite. Na akamwita. Si mama, si dada. Alimwita kwa jina lake, jina ambalo sijalisikia likitamkwa na mtu mzima tangu Baba alipofariki. Hapa sitaliandika, ni la kwao.

"Sasa wewe si mwanafunzi wangu," akamwambia.

"Si mwanafunzi wako."

"Basi nina neno. Umri wangu unaujua. Wako uko kwenye fomu ya shule. Nimeusoma mara nyingi kuliko sheria za barabarani, haupungui, na mimi sijakimbia. Nilikuwa nasubiri tu ufaulu ndipo nikuulize kama ninaweza kuja nyumbani kwako kama mtu, si kama mwalimu. Nilisubiri tangu mwezi wa kwanza!" Sauti ikampanda. "Na wewe unagonga mapipa! Nilikesha nikijiuliza nimekosea wapi kukufundisha!"

Mama akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika. Taratibu akaingiwa na hofu, akadhani amemliza. "Taratibu, taratibu," akawa anasema, akitafuta kitambaa mfukoni. Lakini mimi nimekaa nyuma ya pazia miaka sita nikisikiliza mabega ya mama yangu. Hakuwa analia.

Alipoweza kusema, alisema hivi: "Madirisha yako ni mangapi?"

"Mawili."

"Ile kamba yako ni ya uongo, hakuna dirisha la hivyo. Nitakuja kupima mwenyewe. Na nitakuja ninaendesha."

2 Mei, Jumapili

Turubai limetoka. Pikapu ilikataa kuwaka, kisha ikawaka. Taratibu alikaa kiti cha abiria na mguu wake ulikuwa unatafuta breki isiyokuwepo. Mama aliona. "Tulia, abiria," akamwambia. Rangi ya nywele imeanza kutoka na Mama hajarudia.

9 Mei, Jumapili

Kaka amekuja. Walikaa na Taratibu barazani, wanatazama barabara, hakuna anayesema. Nilipeleka chai, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuanza, nikaanza mimi. Nikamuuliza Kaka habari za safari. Kaka alinishangaa kana kwamba kikombe ndicho kilichoongea. Akajibu, Taratibu akauliza matairi anatumia gani, na wakaenda hivyo mpaka jua likazama.

Akiaga, Kaka alisimama mbele yake akihangaika. Nikajua anatafuta la kumwita. "Baba" halikutoka. "Kaka" lilikuwa limekwisha kutumika, ni lake mwenyewe. "Haya, Mwalimu," akasema. "Muangalie Mama."

"Mwalimu linatosha," Shangazi akasema nyuma yangu. "Mwalimu hana rika."

Siku hizi Shangazi dawa anazinunua karibu. Mzee mwenyewe alikwisha kufa, duka analo mwanawe, lakini anasema njia ile ni nzuri, haina mtaro.

14 Mei, Ijumaa

Matokeo yametoka. Nimefaulu kwenda chuo, na chuo kiko mbali. Zamani hofu yangu ilikuwa hii moja, kwamba nikiondoka Mama atabaki anaongea na cherehani. Leo nimepaki begi bila hofu hiyo. Mama ataniendesha hadi stendi. Taratibu ameomba kuja, kwa sharti asikanyage sakafu.

Mvua zimekwisha. Nimebakiza ukurasa huu tu.

Kinyozi bado anasimulia jinsi Mama Mapazia alivyoishinda hofu ya kalamu. Taratibu naye humtaja kwa kila mwanafunzi mpya: mwanafunzi wake mgumu kuliko wote, aliyegonga mapipa mara tatu, na ambaye yeye, kwa subira yake, alimfikisha. Akisimulia, Mama hutazama chini na kushona. Hajamwambia. Ananiambia mimi kwamba mwanamume akipata jambo la kujivunia usimnyang'anye bila sababu. Na Mama naye hajui kwamba Taratibu alinieleza yote siku ile ya kamba. Anaamini ahadi ile nilimpa Shangazi, ambaye hujua kila kitu. Wanaendelea vizuri hivyo.

Kwa hiyo wewe ambaye daftari hili litakuangukia mikononi, labda nikiwa chuoni, labda Mama akipanga kabati la lesi, nakuomba. Ukikutana na Taratibu uwanjani akakusimulia habari za mapipa, mpe pole. Mwambie amefanya kazi kubwa. Usicheke mpaka ufike kwenu.